Konokono wa Bahari na Chumvi ya Ng'ombe

Jumatatu, 3 Septemba 1956

Nimeongeza maji ya mvua katika sanduku la kioo hadi alama, kama kila asubuhi. Konokono wa bahari wote wawili wazima. Wanatambaa kwenye kioo bila nyumba mgongoni, buluu na kingo za njano. Wazuri mno. Bwana aliwaleta kwa ndege toka Mombasa, pamoja na maji yao, samaki wadogo na kaa mmoja. Sasa yuko Ulaya kwa konje, likizo yake.

Kazi yangu ni karani katika biro yake, ofisi ya kahawa. Hawa wanyama ni mzigo juu ya kazi hiyo. Lakini aliniachia chumba nyuma ya nyumba yake, na ruhusa ya kumulaza baba yangu humo, mradi akute sanduku la kioo liko salama. Muzee anakohoa vibaya. Kwetu Masisi, kule milimani, hakuna doktoro wa kifua. Hapa hospitali iko karibu.

Jumatano, 5 Septemba

Kaa amemuuma konokono mmoja. Muzee ndiye aliyeona. Anakaa mbele ya kioo tangu asubuhi, kofia magotini.

"Mutoto wangu, huyu anapiga wenzake. Umutenge."

Nimemtoa kaa, nikamweka kwenye ndoo na maji yake. Samaki hawana shida, kila mmoja na njia yake. Muzee hapendi kitu chochote cha mji huu ila konokono hawa. Amewapa majina ya ng'ombe wake. Nilicheka sana.

Ijumaa, 7 Septemba

Muzee ametapika damu. Doktoro amemulaza hospitali. Naogopa.

Jumamosi, 8 Septemba

Kuna jambo. Konokono wamejikunja chini. Samaki wanahema juu ya maji. Nimechovya kidole na kuonja: chumvi kali, inachoma ulimi. Nyuma ya jiwe, chembe za kijivu hazijayeyuka. Nani ameingia humu? Nimetoa maji nusu, nimetia ya mvua.

Jumapili, 9 Septemba

Wamekufa. Konokono, samaki, wote. Amebaki kaa kwenye ndoo, mshenzi yule.

Baada ya misa nimeenda hospitali. Muzee alikuwa na furaha, akanivuta karibu. Kumbe aliniona nikiwapa maji matupu kila siku, akawahurumia. Kwetu ng'ombe asiponyweshwa maji ya chumvi anakonda. Basi kabla ya kulazwa akawapa chumvi ya ng'ombe aliyokuja nayo toka nyumbani, viganja viwili.

"Watanenepa, utaona."

Nikasema asante, baba. Nikatoka nje, nikalia. Nimemkasirikia muzee. Nimejikasirikia mwenyewe: sikumweleza kwamba maji ndiyo yanayokauka, chumvi inabaki. Nimemkasirikia Bwana pia, na bahari yake. Hata hamu ya kula sina.

Alhamisi, 13 Septemba

Bwana amerudi. Alisimama mbele ya kioo kitupu, akauliza imekuwaje. Nilisema ni mimi, nilikosea kupima. Sikutaka amtukane baba yangu mbele yangu.

Akasema kazi nibaki nayo. Chumba nitoke kesho. Nikamkumbusha kwamba muzee bado yuko hospitali. Akasema atafute pengine. Moyo unaniwaka.

Jumatatu, 24 Septemba

Muzee ametoka hospitali. Tuko mtaa wa Majengo kwa shangazi, chumba kimoja, upepo unapita kati ya mbao. Doktoro anamtaka kwa sindano kila asubuhi. Ni mbali. Tutatembea polepole, tukipumzika njiani. Sijui kama kifua chake kitaweza.

Nimemwambia muzee kwamba Bwana amerudi, anahitaji chumba chake. Aliuliza juu ya konokono tu.

Nikasema wamenenepa. Nikasema Bwana mwenyewe ameshangaa.

Alicheka hadi kikohozi kikamshika. "Si unaona? Ni chumvi tu."

Ndiyo, baba, nikasema. Nimemfunika blanketi. Sasa amelala.