Madoa Manne kwenye Picha ya Limi

Jumatatu, 3 Machi

Limi amemkimbiza kuku sasa hivi. Hatua sita, nimezihesabu. Kisha akachuchumaa, magoti kifuani, midomo imekuwa ya zambarau, akanitazama kama vile mimi ndiye niliyechoka. Kuku naye akasimama kumsubiri. Nilicheka, halafu hasira ikanishika. Miaka miwili na nusu, na hawezi kumaliza uwanja wa nyumba hii ya Buswelu, uwanja wenyewe mdogo.

Kesho kipimo. Eko, kile kipimo cha kwanza cha moyo, ilishaonyesha tundu. Sasa wanataka picha ya siti skani, waone mishipa inayopeleka damu kwenye mapafu. Ikiwa mizima, anaingia kwenye orodha ya watoto wanaopelekwa Dar mwezi huu kupasuliwa. Ikiwa si mizima, sijui. Sikuuliza. Sitaki kujua.

Ushanga wa kiunoni nimeuvua. Mama mkwe amenuna. Anasema mtoto hapelekwi mbele ya mashine akiwa mtupu. Nimemwambia wamekataza chuma, kinaharibu picha, na kwenye ule ushanga kuna kengele. Hakujibu. Huyu akinyamaza ndiye wa kuogopa.

Jumanne, 4 Machi

Imepita. Nimechoka.

Chumba baridi. Madaktari vijana sita, wote wanasomea ubingwa wa picha, na mwalimu wao mwenye mvi. Alikuwa anawafundisha kupiga picha ya moyo. Anasema mapafu unaweza kuyaomba yatulie, moyo haukubali, inabidi mashine iufuate unavyopiga. Zamu ilikuwa ya Dk. Anitha. Ana uso wa msichana wa sekondari. Niliogopa nilipomwona. Lakini mshipa wa mkono aliupata mara moja, amepiga magoti, na kabla ya kuchoma alimwambia Limi, "Samahani, dada." Hospitali zote tulizozunguka, hakuna aliyewahi kumwomba mwanangu samahani.

Wakambandika vibandiko vya waya kifuani, vile vyenye kifungo cha chuma. Akapewa dawa ya usingizi. Mimi nikaitwa kusaini karatasi. Nyuma yangu mama mkwe akamviringisha kwa khanga, asipate baridi. Kisha nikaambiwa, mama subiri nje.

Nilitoka. Sikupenda. Naandika hapa kwamba sikupenda.

Alipoamka vibandiko nilivibandua mimi. Cha kwanza akalia. Cha pili akalia. Cha tatu akaning'ata. Safi. Anayeng'ata ana nguvu.

Alhamisi, 6 Machi

Mshipa wa kushoto hauonekani.

Ndivyo Dk. Anitha alivyosema, macho kwenye karatasi. Wa kulia upo. Wa kushoto hauonekani, na wapasuaji hawawezi kumchukua mtoto ambaye hawajui ndani mna nini. Mwezi huu haendi. Turudi mwezi wa sita, watafikiria kipimo kingine.

Nikamwomba anionyeshe. Akageuza kioo cha kompyuta. Sikuelewa kitu, kijivu juu ya kijivu. Nilichoona ni madoa meupe manne, moja kubwa kuliko mengine, lina miale kama jua la asubuhi. Nikauliza hayo ni nini. Akasema ni vibandiko vya waya, mama, usijali, chuma hung'aa hivyo. Mshipa uliopotea ulitakiwa kuwa nyuma ya ile miale.

Nilibeba mwanangu nikatoka. Limi kwa Kisukuma maana yake jua. Sasa jua ndilo limemzibia njia. Sikulia. Nimekasirika, na hasira hainipeleki popote.

Jumamosi, 8 Machi

Mwandiko mbaya leo, naandika haraka.

Nilikuwa nafua. Khanga ya mama mkwe, ile ya Jumanne. Kitu kikagonga beseni. Pindo lina fundo, nikalifungua kwa meno. Ndani, senti ya zamani ya mkoloni, yenye tundu katikati.

Nikaenda nayo uani, maji yanachuruzika. Mama mkwe alikuwa anachambua dagaa. Hakushtuka.

"Uliifunga wewe, mama?"

"Mama yangu alinifunga hiyo nikiwa na surua. Nikapona. Ulitaka nimpeleke mjukuu wangu mle ndani peke yake?"

"Walisema chuma kinaharibu picha."

"Mashine ya mamilioni inaogopa senti moja?"

Nilitaka kumpigia kelele. Nikamtazama mikono, magamba ya dagaa mpaka kwenye viwiko. Sikupiga kelele. Nikamwambia, mama, inaogopa. Akaacha dagaa.

Halafu nikakaa chini kuhesabu. Vibandiko nilibandua vitatu. Kwenye picha madoa ni manne.

Tatu. Nne.

Nimempigia Shija. Yuko Usagara anachoma matofali. Amenisikiliza mpaka mwisho, ni mume mwema, kisha akasema, "Mke wangu, wewe wa darasa la saba, nani atakusikiliza mbele ya maprofesa?"

Nimemjibu kuhesabu mpaka nne tulifundishwa darasa la kwanza.

Jumatatu, 10 Machi

Sista wa mlangoni ameniambia miadi yangu ni mwezi wa sita. Nikamwambia najua. Akasema basi nenda nyumbani. Nikakaa kwenye benchi. Akasema benchi ni la wagonjwa. Nikamgeuzia mgongo aone mgonjwa alipo. Limi akampungia mkono.

Mhudumu mmoja anayepiga deki akanong'ona kwamba Jumatatu saa nne madaktari hukaa chumba cha mwisho kupitia picha na mwalimu wao. Saa nne nikainuka. Mama mkwe nyuma yangu. Hodi nilipiga, ila jibu sikulisubiri.

Chumba kimefungwa mapazia. Kioo kikubwa ukutani, moyo wa mtu mwingine unaning'inia pale. Wote wakageuka. Nikasema shikamooni, mimi ni mama Limi, picha ya mwanangu mmeisoma vibaya. Mmoja akacheka. Nikamtazama mpaka akaacha.

Nikaweka senti mezani. Nikaeleza khanga, fundo, vibandiko.

Mwalimu akataka picha ya Limi iletwe kwenye kioo. Akawauliza vijana wake madoa ni mangapi. Manne. Akauliza mlibandika vingapi. Watu saba wenye makoti meupe, hakuna anayekumbuka.

"Vitatu," nikasema. "Nilivibandua mimi. Cha tatu alining'ata."

Mwalimu akaniambia kosa ni lake pia, alipaswa kuwafundisha kuhesabu kabla ya kusoma. Alisema mbele yao. Kisha akamwona mama mkwe pale mlangoni, akainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiyo senti yangu nirudishie."

Picha inatakiwa irudiwe. Mwalimu akanieleza mionzi si kitu cha kurudia hovyo kwa mtoto, akaniuliza kama nakubali. Aliniuliza, na akasubiri jibu. Akasema safari hii atapiga mwenyewe.

Hapo nikakataa. Sijui nilipata wapi mdomo. Nikasema apige Dk. Anitha. Wewe una mvi, utastaafu. Huyu atapiga picha za watoto wa kanda yote hii miaka thelathini, na hakuna fundo la khanga litakalomponyoka tena. Tena anajua kuomba samahani. Na mimi nje sitoki.

Dk. Anitha alikuwa anafuta macho kwa mkono wa koti.

Jumatano, 12 Machi

Nilivaa vazi zito la risasi, linalozuia mionzi. Kama kubeba gunia la mchele shingoni. Nilisimama kichwani kwa Limi.

Dk. Anitha aliivua khanga yote. Akaminya pindo moja baada ya jingine, yote manne, kama mtu anayetafuta funguo. Akabandika vibandiko akihesabu kwa sauti. Moja. Wenzake nyuma ya kioo wakaitika, moja. Mbili. Tatu. Kama shule. Nikajiona nimerudi shule, ila safari hii jibu ninalo.

Safari hii dawa ya usingizi ilikuwa kidogo. Limi akaanza kuhangaika mashine ilipovuma. Nikamwimbia kwa Kisukuma, wimbo ule wa kumbembelezea, mdomo kwenye sikio. Akatulia.

Nje mama mkwe alikuwa amekaa wima, ngumi imefungwa juu ya paja. Najua ndani mlikuwa na nini. Nilimwambia asante kwa kukaa nayo huku nje. Akasema mlango si mnene, inafika tu.

Ijumaa, 14 Machi

Upo.

Mshipa wa kushoto upo. Mwembamba, lakini upo, unaingia kwenye pafu kama unavyotakiwa. Dk. Anitha aliniita nimsogelee, akaufuata kwa kalamu kwenye kioo, taratibu, mpaka nikauona na mimi. Kijivu juu ya kijivu, sasa naona njia.

Limi yuko kwenye orodha. Wanaondoka Jumapili.

Mlangoni wamebandika karatasi iliyoandikwa kwa mkono: Hesabu vibandiko. Fungua mapindo. Uliza bibi. Nimesoma neno kwa neno. Sista wa mlangoni akajifanya hanioni. Nikamwambia shikamoo kwa sauti.

Najua kupasuliwa si mchezo. Nimeelezwa, nimesaini. Naogopa. Lakini ile hofu ya kukaa nyumbani nikimtazama anachuchumaa, hiyo nimeishinda.

Jumapili, 16 Machi

Asubuhi imetulia. Shija amekuja na vumbi lake la matofali, amelala mkekani na Limi kifuani. Wote wawili midomo wazi. Mmoja ya zambarau. Nimewatazama muda mrefu.

Mfuko tayari. Nguo tatu, kikombe chake, daftari hili.

Alfajiri mama mkwe alinishika mkono akanifungia ile senti kwenye pindo la khanga yangu mimi, si ya mtoto. Akasema, "Sasa ninaelewa mashine. Wewe hawakupasui." Nimeiacha. Haizuii kitu nikikaa nayo nje ya mlango, na yeye hawezi kufika Dar, miguu haimruhusu, basi acha mkono wake ufike.

Kuku amepita dirishani. Limi ameamka, anamnyooshea kidole. Nimemwambia subiri, mwanangu. Ukirudi utamkimbiza mpaka kwenye uzio, na kuku ndiye atakayechuchumaa, na mimi nitakaa hapa kizingitini nihesabu hatua, saba, nane, tisa, mpaka

Mama mkwe anaita uani, gari limefika, anasema nifanye haraka na nisisahau khanga yenye fundo.