Kengele Iliyogonga kwa Saa ya Msumbiji

Baba, shikamoo.

Nimeanza na salamu kwa sababu ungenirudisha mlangoni nianze upya, kama ulivyokuwa ukifanya nikiingia na habari mdomoni. Marahaba nimejiitikia mwenyewe. Mama hajambo. Mihogo ya bondeni tumeing'oa na tumeianika. Mtumbwi wako anao Baba mdogo Maiko, na kengele ya kanisa sasa anaigonga yeye. Hilo la kengele ndilo lililonifanya nikae chini nikuandikie.

Unakumbuka ile siku tulipopanda Mbinga kutuma maombi? Mtandao wa huku ufukweni mwa ziwa ulikuwa umekataa kabisa, wewe ukasema twende wote, eti una dagaa wako wa usipa wa kupeleka sokoni. Nilishinda kwenye duka la intaneti nikijaza maswali ya kampuni za mawakili za Dar es Salaam. Kwa nini unataka kufanya mafunzo kwetu? Eleza biashara moja iliyokuvutia. Wewe ulikaa kwenye benchi nje, umefunga koti mpaka shingoni kwa ile baridi, ukiwauliza wapita njia bei ya kahawa wakati hujawahi kupanda hata mche mmoja. Nilipotoka ukaniuliza, "Hao mawakili wanamtetea nani?" Nikakueleza kwamba hawa hawasimami sana mahakamani, wanaandika mikataba ya makampuni na mabenki. Tukatembea mpaka stendi. Ndipo ukasema, "Kwa hiyo wanaandika mapema ili watu wasije wakagombana. Kazi nzuri hiyo, mama." Sentensi hiyo niliiiba, Baba. Niliiweka kwenye maombi yote yaliyofuata.

Wengi hawakujibu. Wanafunzi wa sheria nchi nzima tunagombania nafasi chache za mafunzo ya likizo, na wenzangu wengine wana shangazi au mjomba anayejuana na mtu huko ndani. Mimi nilikuwa na wewe na sala yako ya jioni, ukiwaombea "wale wasiojibu", Mama akicheka kwenye amina. Kisha ukaugua, wala hukuugua muda mrefu. Kampuni moja ilijibu ukiwa umeshazikwa. Walitaka kunifanyia usaili kwa video, saa saba mchana, na mimi nilikuwa hapa nyumbani na Mama.

Sasa unazijua simu zetu. Tuko karibu na mpaka, na ikifika siku yake simu inadaka mtandao wa Msumbiji na saa yake inarudi nyuma saa nzima bila hata kukuaga. Wewe hukutaka kusikia habari hizo. Ulikuwa na ile saa yako ya mkononi ya kutia ufunguo, na tulipokucheka ulisema, "Mimi nampigia Mungu kengele ya Tanzania." Tulikuzika nayo. Mama alitaka iwe hivyo, na hakuna aliyembishia.

Siku ya usaili nilipanga kupanda kilima cha nyuma ya shule, kwa sababu juu pale mtandao wa kwetu ndio unaoshika. Simu ilionyesha saa sita inakaribia. Sikuiamini sana, maana maneno yako nilikuwa nayo kichwani, kwa hiyo nikasubiri kengele. Kengele ya saa sita ikagonga na simu ikakubaliana nayo, nikatulia. Maisha yangu yote kengele ile haijawahi kunidanganya. Nilisahau kwamba anayeigonga si wewe, na kwamba Baba mdogo anaigonga kwa kutazama simu kama yangu. Kumbe wakati ule ndio wasaili walikuwa wamekaa Dar es Salaam wananingoja, na mimi nanyoosha blauzi kwa pasi ya mkaa. Nikala, nikajipaka mafuta, nikapanda kilima polepole nisije nikaloa jasho.

Nilipofika juu simu ikadaka mtandao wetu, na saa ikaruka mbele ya macho yangu. Ilikuwa inakaribia saa nane. Ujumbe ukaanza kuingia. Tunakusubiri. Upo? Tumefunga, asante kwa kuonyesha nia.

Nilikaa kwenye jiwe. Nikampigia Neema, yule tunayesoma naye, uliyemwita msemaji. Akaniambia, "Waandikie umepata msiba. Hakuna anayebishana na msiba. Na si kweli umefiwa?" Basi nikaandika. Nimefiwa na baba yangu mzazi. Kila neno lilikuwa la kweli, na nilijua wangenipa pole na siku nyingine. Nikayatazama maneno yale na moyo ukaniuma kuliko hata siku ile makaburini. Ilikuwa kama nakufukua ili nikuzike tena siku inayonifaa mimi. Nikayafuta.

Nikaandika ilivyokuwa: simu, mpaka, kengele, baba mdogo. Niliposoma nilichoandika nikaona hata mimi nisingeamini. Nikatuma hivyo hivyo. Nilipomweleza Mama alitikisa kichwa, akasema, "Hata muongo angeona haya kuandika hivyo, mwanangu." Kisha akanipakulia ugali, na sikuweza kula.

Kesho yake jioni mama mmoja akanipigia kutoka kwenye ile kampuni. Nilikuwa nimepanda tena kilimani kusubiri, sikuwa na mahali pengine pa kukaa na wasiwasi wangu. Alisema ameshasikia magonjwa, foleni na umeme kukatika, lakini ya Msumbiji hajawahi. Akanipa nafasi ya asubuhi iliyofuata na kuniambia nipande mapema. Nilipanda kabla jua halijatoka, nimejifunika kanga ya Mama juu ya blauzi ile ile.

Waliniuliza habari za mikataba, na nilijibu vizuri, nakwambia bila kujisifu. Mwishoni mzee mmoja akatabasamu, akauliza, "Na huyo mpiga kengele wenu mmemfanyaje?" Nikasema ni baba yangu mdogo, ameipokea kazi kutoka kwa baba yangu, na baba yangu amefariki. Niliogopa wasije wakadhani nimekuleta pale kwa makusudi, nikaongeza haraka, "Lakini si hicho kilichonichelewesha." Yule mzee akasema, "Pole sana, binti," akaniuliza swali lingine. Nilishuka kilima nalia, Baba. Nilikuwa nimekutaja mbele ya wageni kwa mara ya kwanza, na sauti haikukatika.

Wamenichukua. Naondoka Jumatatu.

Jana nilirudi Mbinga kununua viatu, nikanunua na saa ya ukutani. Tumeitundika sakristia, pale padre anapovalia. Baba mdogo alinuna kidogo, akasema simu ndiyo ya kisasa, lakini padre ameshakuta kanisa tupu zaidi ya mara moja, kwa hiyo ndiye aliyepigilia msumari. Naandika haya nimekaa kwenye ngazi za kanisa. Amenipita sasa hivi na nyundo yake, amechungulia ukutani, ameenda kugonga. Ni saa sita kweli. Mkono wake ni mzito kuliko wako, tutazoea.

Nakuaga, Baba. Huko ninakokwenda najua iko siku nitachelewa tena, na siku hiyo nitasema ni foleni kama ni foleni, na kama ni uzembe nitasema uzembe. Wewe sitakutaja kwenye udhuru wowote. Nitakutaja mtu akiniuliza baba yangu alikuwa nani, na hapo nitakaa chini nimweleze bila haraka.

Mwanao,
Edita