Kombe Alilokunywa Rukia

Ijumaa, masika ya 1970

Mvua ilianza alfajiri, na sasa baada ya Alasiri yamebaki manyunyu. Sikwenda dukani Mlandege. Cherahani na ilale leo, sina moyo wa kushona nguo ya mtu.

Majibu ya hospitali nimeyapata jana. Hayana kheri.

Kabla ya Ramadhani nilipasuliwa. Daktari mgeni alinieleza kupitia mkalimani wake kwamba mishipa ya damu kwenye korodani imevimba, damu inatuama, na joto lake linaharibu mbegu. Watapasua kidogo juu ya kinena, waufunge mshipa, kisha tusubiri. Wallahi nilifurahi! Miaka yote hii ya ndoa hatukujua tatizo liko wapi, na mtu kaligusa kwa kidole.

Tukasubiri. Wiki hii nikatakiwa nipeleke kichupa cha mbegu zangu zikapimwe, na kisipoe njiani. Nimepita Darajani nimekibana kwapani ndani ya kanzu, nnakwenda upande kama mwenye jipu, na kila mtu anataka kunisimamisha tuulizane hali.

Jana mkalimani aliniambia huku anatazama dirishani. Mbegu bado chache, tena dhaifu, vile vile kama mwanzo. Wengine operesheni hii huwafaa, wengine haiwafai. Nikauliza kama iko nyengine. Akasema hakuna.

Basi.

Lakini kinachonila roho khasa ni Rukia, mke wangu. Nilipolala na kidonda, majirani walikuja kuniangalia na machungwa yao, wakauliza nnaumwa nini. Kabla sijafungua mdomo, Rukia akadakia: "Ngiri tu, imeshatolewa." Alinisitiri. Ngiri hapa mtaani haina aibu, wanaume wanaizungumza barazani mchana kweupe. Nami nikanyamaza, nikashukuru.

Hatukufikiri mbele. Watu wetu wanaamini ngiri ndiyo inayomzuia mwanamme kuzaa, na ikishatolewa, keshakuwa mzima. Tangu siku ile macho yote yako tumboni kwa Rukia. Kwenye maulidi, kwenye harusi, haachwi. "Mumeo kashapona, shoga. Sasa umebaki wewe."

Leo baada ya sala ya Ijumaa, mama yangu, ambaye tunakaa naye, kaingia na bakuli la kombe: aya zimeandikwa sahanini kwa zafarani, zikakoshwa kwa maji ya mawaridi. Si la kwanza, wala la pili.

"Kunywa, mwanangu," kamwambia Rukia. "Na hili likishindwa usinilaumu. Watu wa Kidichi washakubali."

"Wamekubali nini, mama?"

"Kumuoza mumeo Suleiman mtoto wao."

Rukia kanywa lote. Kisha katia maji kidogo, kasuuza bakuli, akayanywa na yale, isipotee hata herufi. Akasema, "Hewala, mama. Hina ya bibi harusi ntamtia mimi mwenyewe."

Na mimi? Nilikuwa nimekaa pale pale juu ya mkeka, nnatazama vidole vya miguu yangu. Mwanamme mzima na ndevu zangu!

Mama alipotoka nikamwambia Rukia majibu ya jana. Alikuwa keshayasoma usoni kwangu. Akasema, "Usimwambie. Huna ndugu, ataona nasaba ya baba yako imekatika. Mimi nshazoea."

Nshazoea! Bora angenitukana.

Namfikiria huyo msichana wa Kidichi. Simjui hata jina. Pengine hivi sasa anabambua mdalasini na mama yake, na watu wanamtania kwa furaha ya harusi. Masika ijayo atakuwa amekaa hapa kwenye mkeka huu, na bakuli mkononi, anakunywa kwa ugonjwa wangu. Nitakuwa nimewaua wawili.

Maghrib inakaribia. Mama yuko uani anatia udhu, nnasikia maji. Akimaliza atapita mlangoni kwangu. Maneno yenyewe machache: mama, si Rukia, ni mimi. Nimeshayasema kimoyomoyo mpaka ulimi umekauka.

Kapita sasa hivi.

"Mama," nikamwita.

"Naam, mwanangu."

"Uani kunateleza. Jihadhari."

Akaniombea dua, akenda kusali. Rukia alikuwa jikoni, kasikia yote.