Maua yasiyozaa

Mwenzangu, nimechoka. Nimechoka mpaka hasira yenyewe imekataa kuja.

Unakumbuka nilivyokulilia kuwa matikiti yangu yanageuka njano na kudondoka yakiwa bado saizi ya kidole gumba? Nikalaumu nyuki, nikalaumu mbolea. Kumbe ni mama mkwe!

Leo alfajiri nimemkuta shambani na ndoo imejaa maua. Ya kiume yote!

"Mama, unafanya nini?"

"Nakusaidia, mwanangu. Wiki nzima nayachuma haya yasiyo na kitikiti nyuma yake. Yasiyozaa yananyonya mmea bure."

YASIYOZAA. Halafu akanitazama tumbo. Miaka sita, shoga, jicho ni lilelile.

Nikamwambia taratibu, "Mama, hayo ndiyo madume. Chavua yake isipofika, jike litadondosha tu, na kosa si lake."

Mume wangu alikuwa palepale na mpira wa maji. Wewe unajua daktari alikuta tatizo kwa nani, na nani aliniomba nifiche.

Nikangoja aseme hata neno moja.

Akainama kufunga bomba ambalo lilikuwa limeshafungwa.