Pembe za Stoo

Mjukuu wangu Zaituni,

Salamu kutoka Naguru. Sote wazima, na babu yako, kaka yangu mkubwa, kikohozi kimemwachia. Usicheke. Sekondari nimemaliza juzi tu, lakini kwa ukoo mimi ni bibi yako.

Uliniuliza kama huku chuo cha ujenzi bado naogopa kusema darasani. Wiki jana mwalimu alitupeleka kupima msingi wa stoo itakayojengwa, tuandike orodha ya matofali ya kumpa fundi siku ile ile. Wenzangu walipima mstari wa kila ukuta kwa nje, wakajumlisha. Nikaona kila pembe, pale kuta mbili zinapokutana, imehesabiwa mara mbili. Nilinyamaza mpaka mwalimu akatoa kalamu atie sahihi.

“Mwalimu, pembe tumezirudia.”

“Eh! Kumbe huyu ana mdomo!” akasema mwanafunzi mwenzangu, Okello.

Mwalimu alikagua, akafuta jumla yetu, akanipa tepu. “Pima upya. Soma kwa sauti, wenzako waandike.”

Nikasoma kipimo cha kwanza. Okello akadai hajasikia. Nikarudia, naye akaandika.

Bado naogopa, Zaituni. Ila kuta zote nne nilizisoma mimi.

Bibi yako mdogo,
Hadija