Picha Iliyosafishwa Mno

Kaka mpendwa,

Habari za siku nyingi? Wifi hajambo? Na watoto, bado wanakupanda mgongoni kila ukijaribu kujinyoosha? Huku sisi ni wazima. Mama anakula, anajikongoja hadi mlangoni na analalamikia kila kitu, kwa hiyo ujue afya yake ni nzuri. Mgonjwa ni mimi, na ninaumwa hasira.

Unaikumbuka ile picha niliyokusimulia kwenye simu, ya matuta ya mchanga kule jangwa linakoishia baharini? Nilikwenda na Baba, wiki chache kabla hajatutoka. Sisi wapiga picha wa matuta tuna mwiko mmoja: mbele ya kamera hakanyagi mtu, maana mchanga ukishakanyagwa umeharibika mpaka upepo uutengeneze upya. Nilimweleza Baba, akaitikia vizuri kabisa. Nikainamia kamera, na nilipoinua kichwa nikamwona huyo, anakata katikati ya tuta, anakwenda zake kuyaona maji. Nilitaka kufoka. Kisha nikachungulia: mchanga mweupe, ukungu wa bahari kwa nyuma, na mstari wa nyayo zake ukipanda hadi kileleni. Nikabonyeza. Upepo ulikuwa umezifuta zote kabla hatujarudi kwenye gari.

Tangu tumzike, Mama hakuacha kuiulizia picha hiyo. Alisema za sura anazo tele, anataka ile inayoonyesha alikopita. Kompyuta yangu ilikuwa mbovu, kwa hiyo nilichukua kadi ya kamera nikaipeleka studio kwa yule bwana tunayemwita Mtaalamu. Nikamwambia anisafishie picha hiyo, ukubwa wa kutundika ukutani, na aisafishe vizuri kwa sababu ni ya Mama.

Kaka, ameisafisha! Nilitaka aitoe kwenye karatasi, kama watu wote wanavyosema tangu enzi za filamu. Yeye akakaa kwenye kompyuta akafuta nyayo, mmoja baada ya mwingine, mpaka tuta likawa kama shuka iliyopigwa pasi. Nilipouliza nyayo ziko wapi, alinijibu kwa furaha kwamba ule uchafu ameutoa wote. Uchafu! Nyayo za Baba! Tena alikuwa ameihifadhi kazi yake juu ya picha yangu, na kadi akaifuta, eti kanisaidia nipate nafasi. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, maana najua barua zangu unawasomea watoto. Akabaki kushangaa, akasema wateja wengine humshukuru. Mpaka leo nikipita pale damu inanichemka.

Sasa lililobaki usilisome kwa sauti. Sikuweza kumpelekea Mama mchanga mtupu. Nilichukua viatu vya Baba, nikarudi kule peke yangu, nikangoja ukungu ushuke, nikavivaa nikapanda tuta mwenyewe. Picha iliyo ukutani kwa Mama ni hiyo. Mimi niliyemtukana mtu kwa kuchezea picha, sijui sasa nijiite nani.

Na hasira zilikuwa zimenijaa hivi kwamba nilipanda kwa kishindo, nikasahau kwamba Baba alikuwa akiburuta mguu wa kushoto. Mama hakusahau. Aliisogelea picha, akaitazama weee, akaniuliza mbona mguu haukuburutwa. Akajijibu mwenyewe, akitabasamu, kwamba kumbe siku ile haukumuuma. Tangu hapo kila mgeni anaambiwa kuwa mume wake alitembea matembezi yake ya mwisho bila maumivu. Na kulala sasa analala, jambo lililomshinda tangu msiba.

Ukija utaonyeshwa. Nakuomba, kaka, wewe itikia tu.

Nisalimie wifi sana, na watoto wote, hata yule mtundu. Mama anasema umezidi kukaa kimya. Na ukitaka kumletea fremu ya picha yake, usije ukainunua kwa Mtaalamu.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba