Uji wa Mabaharia Thelathini

Wanangu,

Nimekimbilia zamu. Ule uji wa mchele wa Kichina umejaa sufuria zote mbili na ndoo mpya. ~~Utakaobaki mwageni.~~ Wapelekeeni majirani.

Asubuhi nilifuata daftari la marehemu babu yenu neno kwa neno, nikasahau kwamba melini alikuwa akiwapikia mabaharia thelathini. Mkanicheka, nikawafokea. Nisameheni. Nilitaka tu bibi yenu ale kitu, maana tangu mazishi anaishi kwa chai.

Kumbe kicheko chenu ndicho kilichomtoa chumbani. Amemaliza bakuli zima, kisha akapakua jingine, akalifunika kwa sahani.

Hilo msiliguse, hata likipoa. Ni la babu.

Mama